Kurudi Katika Mji Uliokuwa Kwako: Mwongozo Kamili wa Safari na Marafiki wa Zamani

Safari ya kurudi katika mji ulioupenda ukauhama huharibika mapema, na mara nyingi huharibikia kwenye tiketi. Mtu anaona nauli nafuu, anakata, kisha ndipo anaanza kuwatumia marafiki meseji: "Jamani, nakuja wiki ya tatu!" Anafika na kukuta mmoja yuko safarini, wa pili ana mgonjwa, wa tatu alishahamia kitongoji cha saa moja na nusu kutoka katikati ya mji. Zinabaki barabara na majengo, na majengo hayakumbuki mtu.

Mpangilio unaofaa ni huu: watu kwanza, tarehe pili, malazi tatu, tiketi mwisho. Anza wiki 10 kabla. Kama utavuka mpaka na unahitaji viza, anza wiki 14 kabla.

1. Andika majina, kisha piga hesabu

Chukua karatasi uigawe safu tatu. Safu ya kwanza ni ya wale ambao ungefunga safari hata kama angekuwepo yeye peke yake. Wengi wakijihoji kwa ukweli hupata watatu hadi watano, hawazidi. Safu ya pili ni ya wale ambao usipowaona utasikitika kidogo. Ya tatu ni ya wale ambao mkipishana njiani mtasimama na kucheka dakika kumi, basi. Usimpandishe mtu safu kwa sababu ya aibu. Aibu ndiyo inayozijaza ratiba watu ambao hamna la kuambiana.

Sasa hesabu. Kukutana vizuri na mtu mmoja huchukua kama saa 3, ukiongeza kwenda na kurudi ni saa 4 au 5. Kwa siku huwezi zaidi ya wawili, na wa pili tayari utamsikiliza nusu. Safari ya siku 7 ukitoa siku ya kufika, ya kuondoka na moja tupu, zinabaki 4, yaani nafasi 8. Safu ya kwanza wapewe nafasi mbili mbili pale inapowezekana. Mara ya kwanza mnapeana habari, mara ya pili ndiyo mnaongea. Ukiwa na watu wanne wa safu hiyo, nafasi 8 zimekwisha, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini safu ya pili lazima iwekwe kwenye mkusanyiko mmoja.

2. Mtafute kwanza mwenye habari za wote

Kila kundi la marafiki lina mtu mmoja anayejua yaliyowapata wote. Huyo ndiye wa kumpigia kabla ya mwingine yeyote, kwa sauti, si kwa meseji. Muulize mambo matano: nani amefariki, ndoa zipi zimevunjika, nani na nani hawazungumzi, nani yuko kwenye kipindi kigumu cha ugonjwa au kukosa kazi, na nani hapendi kutafutwa. Bila majibu hayo utamtumia salamu za kicheko mtu aliyezika mwezi uliopita, au utawaketisha meza moja wawili walioapa wasionane. Mwombe pia asitangaze ujio wako kwa wiki moja, maana mtu wa aina hii hawezi kukaa na habari, na safu ya tatu ikikuwahi ratiba imekwisha.

Kuna mitego miwili ya kiufundi. Namba ya simu ya zamani huenda si yake tena: kampuni za simu huzigawa upya namba zilizokaa muda mrefu bila kutumika. Meseji ya kwanza iwe ya salamu na kuuliza kama ni yeye, pasiwe na siri wala mzaha wenu wa zamani. Wa pili ni kurasa za mitandao ya kijamii. Ukurasa wa marehemu unaweza kuendelea kuwepo na hata kuwakumbusha watu siku yake ya kuzaliwa. Soma maoni ya karibuni kabla hujaandika "umepotea sana".

Kinachowazuia wengi kutafuta marafiki ni hofu ya kuonekana kero baada ya ukimya wa miaka. Utafiti wa Peggy Liu na wenzake uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba watu hukadiria chini furaha ya anayetafutwa, na kwamba mshangao wenyewe ndio unaomfurahisha zaidi. Kwa hiyo usianze kwa aya tatu za kuomba radhi kwa kunyamaza. Andika hivi:

"Habari za siku nyingi. Ni mimi, tuliyekuwa tukipanda basi moja kila asubuhi mpaka 2013. Nitakuwa mjini kuanzia Alhamisi tarehe 12 hadi Jumatano tarehe 18. Ningependa tuonane, hata kwa saa moja. Jumamosi jioni au Jumatatu baada ya kazi, ipi inakufaa? Kama wiki hiyo imebana niambie tu, tutapigiana simu siku nyingine."

Ina vitu vitano: wewe ni nani, lini, muda gani, chaguo mbili, na mlango wa kutokea bila aibu. Kinachokosekana kwenye meseji nyingi ni hizo chaguo mbili. "Nikija tutaonana" ni salamu tu. Haimfanyi mtu aombe ruhusa kazini wala atafute wa kumwachia mtoto. Asipojibu ndani ya siku 10, kumbushia mara moja, kisha mwache. Ukimya wa mara mbili ni jibu.

3. Tarehe, karatasi na mwili

Wenyeji wako wanafanya kazi, wewe uko likizo. Mnaonana jioni na mwisho wa wiki, kwa hiyo safari isiyo na Jumamosi na Jumapili ni ya kutembelea majengo. Alhamisi hadi Jumatano hufaa: mwili unatulia kabla ya mwisho wa wiki, na baadaye zinabaki jioni mbili za kazini kwa nafasi za pili. Tiketi ikatwe baada ya safu ya kwanza kuthibitisha, angalau wawili kati yao.

Ukitoka mbali, kumbuka kwamba mwili hujirekebisha kwa takribani ukanda mmoja wa saa kwa siku, na kwamba kusafiri kuelekea mashariki husumbua zaidi kuliko kuelekea magharibi. Usimpe mtu wa safu ya kwanza jioni ya siku ya kufika. Utasinzia akisimulia habari za talaka yake, naye hatasahau.

Kama mji uko nchi nyingine, usijidanganye kwamba bado una haki za mkazi. Kibali kilichoisha kimeisha, unaingia kama mgeni. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Kagua pia mambo uliyoyaacha nyuma: akaunti ya benki iliyolala, bili ya mwisho ya nyumba, faini ya barabarani. Hayo yatafute kwa barua pepe ukiwa bado kwako, si kwenye dawati la uwanja wa ndege.

4. Pa kulala

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inamfaa hata rafiki wa kufa na kuzikana. Lala kwa rafiki usiku mmoja au mbili, siku nyingine pata chumba chako. Ukilala kwake wiki nzima, kila jioni unayotoka kuonana na wengine inageuka deni, na yeye naye hapati kupumzika nyumbani kwake. Tarehe ya kuondoka itaje siku unayoomba, si asubuhi unayofungasha.

Chumba kiwe mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu kutoka mtaa wako wa zamani. Ndani ya mtaa wenyewe, hapana. Unahitaji mahali ambapo kila ukichungulia dirishani hakuna kinachokuuliza kitu.

5. Lipa kabla ya kuketi

Kama uliondoka na deni la mtu, hata dogo ambalo unahisi amelisahau, lilipe wiki mbili kabla hujafika na umwambie ni la nini. Ukilitoa mezani mbele ya wenzake unamwaibisha. Msamaha unafuata kanuni iyo hiyo: mkiwa wawili, mapema, sentensi mbili au tatu, bila maelezo marefu ya kwa nini ulifanya ulichofanya. Kisha nyamaza. Usiombe akuambie kwamba yamekwisha.

Zawadi inayoshinda zote ni picha za zamani zilizochapishwa. Kama unazo picha za karatasi, ziskani kwa nukta 600 kwa inchi ukitaka kukuza, au 300 ukichapisha kwa saizi ileile. Chapisha sentimita 10 kwa 15, picha tano hadi nane kwa kila mtu wa safu ya kwanza, na nyuma uandike mwaka na mahali kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya au huhamia kwenye picha ya juu yake. Ondoa picha ambayo ndani yake yumo mpenzi wa zamani wa mtu, isipokuwa umemwuliza.

6. Utazame mji kabla haujakutazama

Huduma ya Street View ya Google ilianza 2007, na tangu 2014 sehemu nyingi zinakuruhusu kurudisha nyuma na kuona barabara ilivyokuwa miaka iliyopita. Kaa nayo jioni moja. Pita njia yako ya kila siku, kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, na uandike kilichobomolewa, kilichojengwa na kilichobadilishwa jina. Orodhesha mahali 10 unapotaka kufika, kisha futa 5. Zitakazobaki zikague kama zinafungua, siku gani na saa ngapi. Angalia pia mistari ya mabasi na treni: akili yako bado ina ramani ya usafiri ya mwaka ulioondoka, nayo itakupeleka kituo kisichokuwepo.

Wapo wanaosema kufanya hivi kunaua mshangao. Hatukubaliani nao. Mshangao unaofa ni ule wa kusimama kando ya barabara na sanduku mkononi, mbele ya uzio wa mabati palipokuwa na nyumba yako. Huzuni hiyo ni afadhali uipate kwenye kiti chako, halafu uende ukijua unakwenda kuona nini.

7. Matembezi ya kwanza, peke yako

Asubuhi baada ya siku ya kufika, kabla ya kuonana na yeyote, tembea peke yako kwa dakika 90 hivi. Anzia mahali ulipokuwa ukipita bila kufikiri, si kwenye mnara unaopigwa picha na watalii. Simu iweke mfukoni mpaka nusu ya njia. Miguu inakumbuka vitu ambavyo kichwa kimevisahau: utajikuta unakanyaga kando ya jiwe la lami lililolegea, na jiwe lenyewe lilishatengenezwa kitambo.

Jiandae kwa harufu. Taarifa za pua hufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu bila kwanza kupitia kituo ambacho milango mingine ya fahamu hupitia. Ngazi zenye unyevunyevu, rangi ya mlango iliyopata jua, moshi wa karakana: koo linabana kabla hujajua ni kwa nini. Wala si wewe tu. Mwaka 1688 daktari kijana, Johannes Hofer, aliandika tasnifu huko Basel akiieleza hali ya kutamani kwao kama ugonjwa, na akaunda jina lake, nostalgia, kwa maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu. Leo haihesabiwi kuwa ugonjwa. Keti dakika tano, itapita. Kinachoponza ni kumpigia mtu simu katika dakika hizo tano na kumwambia unarudi kuishi.

Nyumba ya zamani ina adabu zake. Isimamie upande wa pili wa barabara, si kwenye lango. Usipige picha madirisha ya watu. Ukitaka kubisha hodi, fanya hivyo siku nyingine, mchana, mkiwa wawili kwa uchache na wanne kwa wingi, kisha rudi nyuma hatua mbili ili anayefungua akuone mzima. Useme sentensi tatu: ulikaa hapa kuanzia lini hadi lini, unapita tu, na unamshukuru kwa kufungua. Usiombe kuingia. Akikukaribisha, dakika 10 zinatosha, na usimwambie ukuta uliobomolewa ulikuwa mzuri. Akisema hapana, aga na uondoke palepale. Kitasa ni kilekile, lakini ufunguo si wako.

8. Mkutano wenyewe

Watu wengi hupanga waonane pale walipokuwa wakikutana zamani. Kwa mara ya kwanza ni kosa. Pale pana kelele mpya, au pamekuwa duka, na nusu saa inaishia kulalamikia mabadiliko. Mwache mwenyeji achague mahali pake pa sasa, penye utulivu, kisha mara ya pili nendeni pa zamani mkiwa mmeshazoeana.

Dakika 20 za kwanza huwa ngumu karibu kila mara. Sauti zinakuwa juu kidogo, kila mtu anasoma mafaili ya maisha yake: kazi, watoto, nyumba. Wengi huzichukulia kama ushahidi kwamba urafiki umekufa. Si hivyo, ni kupasha injini. Kinachosaidia zaidi ni kusimama mkatembea. Watu wanaotazama mbele kwa pamoja huongea kirahisi kuliko wanaotazamana, na ukimya wa njiani haumwogopeshi mtu. Kwa sababu hiyo mpe rafiki wa safu ya kwanza nusu saa ya kutembea kabla ya kuketi.

Maswali yanayofungua ni yale madogo. Badala ya "maisha yanasemaje?", uliza Jumanne yake inaendaje tangu kuamka hadi kulala. Uliza ni nani anayemwona sana siku hizi. Uliza ni nini alichokipenda zamani na sasa hakimpendezi. Majibu ya hapo ndiyo yanayokuonyesha ni nani aliye mbele yako, maana yule wa zamani hayupo.

Yanayoharibu pia yanajulikana. Kulinganisha mji wake na unakokaa sasa: hata ukisifu, anasikia unamhurumia. Kusema "hujabadilika hata kidogo" kwa mtu aliyepigana miaka kumi ili abadilike. Kumsahihisha kumbukumbu: yeye anasema mvua ilinyesha usiku ule, wewe unasema hapana. Kumbukumbu hujengwa upya kila inaposimuliwa, na nyote wawili mmejenga. Acha inyeshe. Jambo jingine ni umri. Watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 hivi, kwa hiyo mazungumzo yanaelekea huko yenyewe, na mkiyaachia mtamaliza saa tatu nzima mkiwa na miaka 22. Baada ya hadithi mbili za zamani, rudisha mazungumzo leo.

Akija na mwenzi wake au watoto, kila mzaha wa zamani upewe sentensi moja ya maelezo, na mizaha yenyewe isizidi mitatu. Mtu wa pembeni akichoka, rafiki yako atainuka mapema.

9. Mkusanyiko wa safu ya pili

Uwe siku ya nne au ya tano. Siku ya kwanza hujapumzika, na siku ya mwisho kila mtu anageuza kuwa kuaga. Tangaza mwanzo na mwisho, kwa mfano saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, pamoja na jinsi malipo yatakavyogawanywa. Mwenyeji mmoja ndiye achague mahali, si kura ya kundi la WhatsApp: kura kama hiyo haifiki mwisho kabla hujapanda ndege. Mazungumzo ya pamoja hushikika kwa watu wanne hivi, wakizidi hujigawa. Wakiwa 10, usikae kiti kimoja. Hama kila baada ya dakika 30, ukiwa na glasi yako mkononi ili isionekane unakimbia.

10. Pale ambapo hakuna kitu tena

Kuna mtu wa safu ya kwanza ambaye mtaketi na mtagundua hamna la kusema. Dalili ni simu mezani, majibu ya neno moja, na wewe kuuliza swali la sita bila kuulizwa hata moja. Kabla ya kukata tamaa mpe nafasi ya pili, fupi, ya kutembea. Kama ni vilevile, maliza ndani ya saa moja kwa heshima na usimwulize kwa nini. Nafasi yake mpe mtu wa safu ya pili aliyekushangaza kwenye mkusanyiko. Yupo, karibu kila safari.

Kwa aliyefariki, watafute wa nyumbani kwake kwanza, uwape rambirambi zilizochelewa na picha kama unayo. Kaburini nenda na mmoja wao akiwa tayari. Siku hiyo usiweke kitu kingine.

11. Kuondoka, na wiki mbili zinazofuata

Mtu unayempenda kuliko wote usimwekee usiku wa mwisho. Mwone siku ya pili au ya tatu, ili kama mmekwaruzana pawe na siku za kurekebisha, kisha mwone tena kwa nusu saa kabla ya kuondoka. Siku ya mwisho iache tupu mpaka mchana. Ndiyo itakayomeza aliyeahirisha.

Ndani ya saa 48 baada ya kufika kwako, tuma picha, kila mtu zake, si furushi la picha 200 kwa kundi zima. Tarajia kunywea kwa wiki moja au mbili: nyumba inaonekana kimya, kazi haina ladha. Katika muda huo usivunje mkataba wa pango wala usiandike barua ya kuacha kazi. Wazo la kurudi kuishi kule likidumu miezi miwili, lijaribu kwa safari nyingine isiyo ya likizo. Kaa wiki mbili, fanya kazi zako za kawaida, panda basi saa ya msongamano, pata siku tatu bila kuonana na rafiki hata mmoja. Mji unaoupenda ukiwa na watu jioni saba mfululizo si ule utakaoishi nao siku ya Jumanne peke yako.

Mwisho chukua ile karatasi ya safu tatu na uiandike upya, maana majina mawili au matatu yatakuwa yamehama safu. Mbele ya kila jina la safu ya kwanza weka tarehe ya simu, isizidi miezi mitatu, na jambo moja aliloliacha halijakwisha: matokeo ya vipimo, kesi ya kiwanja, mtoto anayefanya mtihani. Ukipiga, anza na hilo.